Safari Ilianzia Ganako

Asubuhi ile bado naiona, mjukuu wangu. Nilikuwa binti wa hapa Ganako, ndiyo kwanza nimeajiriwa kuwaongoza wageni Ngorongoro, msichana pekee katika kampuni yetu. Meneja alikuwa amenionya: nikichelewa kufika lango la hifadhi, Lodoare, siku ya kwanza, kazi sina. Wanaume waliokuwa wakiimezea mate nafasi ile walikuwepo tele, wala hawakuficha.

Jioni iliyotangulia baba alikuwa ameniuliza naenda wapi.

"Safarini, baba."

"Kwa nani?"

"Kuangalia wanyama, halafu tunarudi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Na hao wanyama wana habari kwamba mnakuja? Hayo ni matembezi, binti yangu. Msafiri ni mtu anayesindikizwa, na huko nyuma kuna anayemsubiri."

Moyoni nilisema mzee wangu hajui utalii. Kwenye mafunzo tuliambiwa safari ni gari, darubini na simba, basi.

Kesho yake, tukitoka na wageni Karatu mjini, tulipokaribia nyumbani nikamwona baba kasimama katikati ya barabara, kavaa koti lake la kanisani, majirani nyuma yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia dereva wetu, Lemayani, kijana wa Kimaasai kutoka Piyaya, apige honi tupite.

Lemayani akazima gari. "Dada, yule ni mzee wako. Mimi simpiti."

Baba akawaomba wageni washuke. Akaanza slufay, yale maombi yetu Wairaqw ya kubariki: yeye anasema, majirani wanaitikia. Aliomba njia isiwe na utelezi, waliobaki nyumbani walale usingizi, wanaokwenda warudi. Kisha akamgeukia kila mgeni, nami natafsiri huku naichungulia saa: "Nyumbani umemwacha nani?"

Mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, hakuwa amesema neno tangu Karatu mjini. Akajibu kwamba hakuna. Yeye na mumewe walipanga kuja pamoja, na mume akafariki.

Baba akamshika mkono. "Basi utasubiriwa hapa. Safari njema."

Garini yule mama akafuta machozi, akauliza mzee amelijulia wapi neno la Kiingereza, "safari". Eh, mwanangu! Hapo saa niliisahau. Nilimwambia neno ni letu. Lina asili ya Kiarabu, watu wa pwani wakalikuza, misafara ya wapagazi ikalipandisha bara, na Waingereza wakalisikia humo njiani wakalichukua kwao. Huko wakabaki na kipande tu, cha wanyama. Sisi tukienda Mbulu kumwona shangazi ni safari, tukimpeleka mgonjwa hospitali ni safari, hata kufa tunakuita safari. Nilijiona mrefu kama kingo za kreta!

Langoni tulichelewa. Meneja, aliyekuwa akitusubiri pale, alishafungua mdomo kunifukuza, yule mama akashuka mbele yangu, akamwambia safari yake ilianzia Ganako, na huyu binti ndiye aliyemfikisha. Kazi ikabaki yangu mpaka nikastaafu.

Jioni tuliporudi, baba alikuwa kando ya barabara, bado na koti lake. Yule mama hakungoja nimfungulie mlango. Alimwendea, akasema maneno aliyoniomba nimfundishe njiani: "Nimerudi, baba." Mpaka leo nikiyakumbuka najivunia kuzaliwa na mtu yule.

Sasa kesho nawe unaanza kazi hiyo hiyo. Umeniambia, "Bibi, usihangaike kuamka, natoka mapema." Nisikilize. Lugha yako usiiombee radhi mbele ya mgeni. Ulimwengu mzima umekuja kuazima kwetu. Kabla hujamwonyesha simba, muulize kamwacha nani nyumbani. Na wewe mwenyewe usiondoke kwenu kimyakimya kama mtu asiye na watu.

Mungu akunyooshee njia, akupe macho ya kuona na ulimi wa kueleza, uwarudishe wote uliowachukua, nawe urudi. Koti la baba bado ninalo, na linanienea. Kesho nitakuwa nalo barabarani, na majirani nimeshawaambia. Usipige honi.