Ombi Nililosahau Kulifuta

Mkinikuta kanisani siku hizi nimekaa nyuma karibu na mlango, msidhani nimekuwa mnyenyekevu. Ni aibu tu. Mimi ndiye yule katibu wa kanisa aliyemwomba Mungu, kupitia simu za waumini wote, amnyamazishe mama wa watu wa miaka sitini na kitu, na nikaliomba hilo mara nne, halafu mara ya tano nikashukuru. Ngojeni nieleze kwanza, mtacheka baadaye, ingawa mimi mwenyewe bado sijaweza.

Kanisa letu liko juu ya kilima upande wa Kabianga, mashamba ya chai yamelizunguka pande tatu, na mwaka jana Pasta alilalamika kwamba watu wanaandika maombi yao kwenye vikaratasi na vikaratasi vinapotea. Mimi, ambaye nilikuwa nimetazama video tatu mtandaoni (tatu, si nne), nikasimama kwenye kikao nikasema nitawatengenezea app. Siku hizi kuna programu ambazo hazitaki ujue kuandika kodi za kompyuta, unaburuta visanduku na kuviunganisha kwa mistari, unaziambia jambo hili likitokea fanya hiki, ukimaliza fanya kile. Nikapanga vitendo vyangu hivi: mtu akituma ombi, liende kama meseji kwa simu za waumini wote pamoja na jina la aliyeomba, lisipojibiwa, meseji irudiwe, ili tusichoke kuomba, na likijibiwa, kila mtu aletewe habari njema. Nilijiona injinia kabisa, hata mwendo wangu ulibadilika.

Ijumaa kabla ya uzinduzi tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa naimba sauti ya tenori, na nyuma yangu, miaka yote, alisimama Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, ambaye sauti yake ya juu ni ya juu kweli, na ile noti ya mwisho ya wimbo huishikilia mpaka sikio langu la kushoto linalia lenyewe. Nikafika nyumbani sikio likilia hivyo, nikakaa kwenye kompyuta kujaribu app yangu, na kisanduku cha ombi kikataka maneno. Ningeandika "jaribio" na leo nisingekuwa nawasimulia haya. Nikaandika: "Bwana, naomba umnyamazishe Bot Chelangat, angalau siku ya mkutano wa kwaya." Nikacheka peke yangu kama mjinga. Mtiririko wenyewe, yaani vile visanduku na mistari yake, ulikuwa bado nimeuzima, kwa hivyo ombi halikwenda popote, likakaa tu kwenye orodha na alama ya "Halijajibiwa". Muda wa kurudia meseji nao niliuweka dakika tano, wa majaribio, nia yangu ikiwa kuubadilisha uwe wiki moja. Nikasema hayo yote nitayashughulikia kesho, na ombi nitalifuta kesho, na kesho ilipofika nikaenda kuchuma chai.

Jumapili Pasta alikuwa na furaha kunishinda. "Leo tumeingia dijitali," akasema. "Watu wangu, toeni simu, wekeni sauti juu kabisa. Katibu, hebu washa hii kitu tuone."

Nikawasha. Sikujua (hiyo labda ilikuwa kwenye video ya nne) kwamba ukiuwasha mtiririko, unaanza na chochote unachokikuta kwenye orodha hakijamalizwa. Simu zikalia kanisa zima, upande wa wanaume, upande wa wanawake, mpaka kwenye meza ya wazee. Pasta akainua mikono akashukuru, "Kongoi, Jehova," kabla hajasoma ya kwake.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, asiyeona maandishi bila miwani, akampelekea mke wake simu upande wa wanawake amsomee, na huyo mke ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Inasema Bot Chelangat anyamazishwe," akasema. "Ni Katibu ameomba."

Nilimwona Bot Chelangat akitoa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, kwenye leso. Aliishika mbali na macho, akasoma polepole midomo ikitembea, akafika mwisho kwenye jina langu, akaifunga tena kwenye leso. Hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

Nikashika maikrofoni nikasema, "Samahani, hayo yalikuwa majaribio," na hapo hapo dakika tano zikatimia, simu zikalia tena.

Nikabonyeza simu yangu kama mtu anayeua siafu, lakini ule mtandao uliokuwepo wakati wa kuwasha, wakati wa kuzima haukuwepo. Meseji zinaingia kanisani bila shida, ila intaneti ya uhakika iko kwenye mti wa blugamu ulio mwisho wa shamba. Nikatoka kwa mlango wa kando, nikakata njia katikati ya chai, na umande ulikuwa haujakauka, suruali ya suti ikalowa mpaka mapajani, na nikiwa humo ndani ya majani nikasikia simu zikilia mara ya tatu na mtu akicheka. Mara ya nne ililia mfukoni mwangu, nikiwa nimeushika ule mti.

App ikafunguka. Ningeweza kuuzima mtiririko wote jinsi nilivyouwasha, lakini akili yangu ilikuwa imebaki kanisani, nikaona tu ombi langu na vitufe viwili pembeni yake, "Halijajibiwa" na "Limejibiwa". Nikabonyeza cha pili ili zile meseji zikome. Zikakoma. Halafu nikakumbuka kile kitendo cha tatu, cha habari njema, nilichokitengeneza kwa mikono yangu hii, na simu ikalia: "Haleluya! Mungu ametenda. Ombi hili limejibiwa: Bwana, naomba umnyamazishe Bot Chelangat..."

Hapo ndipo nilipouzima, baada ya kila kitu.

Niliporudi Pasta alikuwa anajaribu kuokoa ibada, ametaja namba ya wimbo. Kwetu hakuna kinanda. Bot Chelangat ndiye huanzisha wimbo, sisi tunafuata, na imekuwa hivyo tangu kanisa likiwa miti na karatasi ya nailoni. Tukangoja. Alikuwa amesimama na kitabu mkononi, kimefunguliwa pale pale, mdomo umefungwa. Mwishowe mwingine akajaribu, akaanza chini mno, tukaburuta ubeti wa kwanza, wa pili ukatufia. Mimi nilikuwa mlangoni na suruali inadondosha maji, na ile meseji ya mwisho ikawa kweli.

Jumapili mbili alikuja akakaa na wageni, hakuimba hata neno. Pasta akaniita kando. "Hii kanisa ilianza na sauti ya huyo mama," akasema. "Mimi nilimkuta. Nenda kwake, na usiende na simu."

Nilimkuta kwenye chai yake, kikapu mgongoni. Hakuacha kuchuma.

"Chamgei, mama," nikamsalimu. "Nimekuja kuomba msamaha. Ilikuwa mchezo tu."

"Haikuwa mchezo," akasema. "Mchezo unaambia mwenzako, mnacheka wawili." Akachuma mashina mawili hivi. "Miaka yote umesimama mbele yangu. Kichwa yako iko hapa." Akanyoosha mkono kunionyesha, na haukufika mbali. "Si ungegeuka tu useme, mama, punguza kidogo? Ningepunguza. Sasa uliona ni heri uambie Mungu, na mimi niko hapa nyuma yako?"

Nikaingia mstari wa pili nikachuma naye, bila kuambiwa, mpaka kikapu kikajaa.

"Hapo kwa simu," akasema tukitoka, "bado imeandikwa limejibiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Ara, basi, badilisha."

Nikaitoa simu (ndiyo, nilikuwa nayo, hata Pasta sikumsikia), nikabadilisha akiangalia.

App niliifuta wiki hiyo, vikaratasi vimerudi, tunaviweka kwenye mkebe wa majani ya chai. Kwaya niliiacha mwenyewe. Na nimeapa kwamba mtu akinikera nitatembea mpaka kwake nimwambie, na jina la mtu sitaliandika tena kwa mchezo kwenye kitu chochote chenye kitufe.

Bot Chelangat amerudi kuanzisha nyimbo, na watu wanasema mambo yameisha. Lakini mimi huku nyuma namsikia vizuri. Wimbo ukikaribia mwisho, pale kwenye ile noti yake, ananitafuta kwa macho kanisa zima mpaka anipate mlangoni, halafu anaipunguza.