Mti wa Mgeni Rasmi

Nyumba ya udongo na chokaa iliyotazamana na ya mama yangu, mtaa wa nyuma hapa Kariakoo, ilibomolewa na warithi wake kabla hawajakubaliana nani auze. Wakaenda kugombana huko walikokwenda, sisi wakatuachia kiwanja cha kifusi.

Mvua ya kwanza iliotesha mbigili, mmea usiodai chochote ila ufa wa kupenyeza mzizi. Mbigili zikakauka, zikaoza, vumbi likawa udongo kidogo, na ukoka ukapata pa kukaa. Baadaye ikaja mibarika, chini ya kivuli chake ikachipua mipapai ya mbegu tulizotupa wenyewe, na mwishowe mwarobaini, ambao bila shaka ulipandwa na ndege. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Miaka yote nilikuwa nachora hatua hizo ubaoni huku wanafunzi wakisinzia. Sasa nilizitazama kutoka kibarazani nikinywa chai, nikajiona kama vile nimeziagiza mimi.

Tulikuwa pia na kamati ya kupendezesha mtaa. Mwenyekiti wake, mzee aliyestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini, hakuwahi kuona kitu kilichoota bila kibali akakipenda. Alitangaza kwamba mgeni rasmi anakuja kuzindua bustani, na kwamba pori lile ni aibu. Vijana wakafyeka kila kitu, mwarobaini ukiwemo, wakamwaga lori la mchanga uliozolewa bonde la Jangwani baada ya mafuriko, wakatandika nyasi za kununua.

Nilimwendea. Nilimwamkia kwa heshima, nikamweleza kwamba chini ya mchanga ule ni chokaa tupu, kwamba ghorofa la jirani linazuia jua mpaka mchana, na kwamba mmea hufa kwa kile kilichopungua hata kama vingine vyote vimejaa tele.

"Mwalimu," alinijibu, "hayo ni ya darasani. Hapa tunafanya kazi."

Mgeni rasmi akaja na msafara na kipaza sauti. Alipanda mche wa mti wa mapambo, akaumwagia maji kidogo kwa ajili ya kamera, akatuhimiza tuwe kama mti ule. Kwa kweli tulijitahidi. Mti wenyewe majani yaligeuka manjano, yakapukutika, na kabla ya mwezi kuisha ulikuwa fimbo. Nyasi zilikwisha zamani.

Habari zikafika kwamba mgeni rasmi atapita kukagua. Mwenyekiti hakulala. Jumanne asubuhi tuliamka tukakuta penye fimbo umesimama mti mpya, umeshiba, mrefu kuliko mwenyekiti mwenyewe, na nyasi nyingine zimetandikwa juu ya zile zilizokufa.

Mgeni rasmi alipofika Alhamisi aliuzunguka mti wake, akaushika shina, akaguswa. Alituambia haya ndiyo matunda ya uongozi bora. Wanakamati wakapiga makofi. Nami, mwalimu wa baiolojia, nikapiga.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchele. Hakuinuka wala hakupaza sauti.

"Mheshimiwa, huo si wako. Wako tuliuzika Jumanne."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Nilijua mama amemaliza mambo, na moyoni nilimwonea fahari kuliko nilivyowahi kumwambia. Lakini mtu hafiki kwenye ugeni rasmi kwa kuona haya. Mgeni alicheka taratibu, akasema, "Basi huyu ni mdogo wake," akapiga picha na mdogo mtu, akaondoka.

Mdogo mtu naye akafa kwa ugonjwa wa kaka yake. Kamati ikahamia mtaa mwingine kupendezesha, na masika yalipofika mbigili zikaanza tena, kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa la kwanza bila kosa.

Ukoka ulipotanda niliwapeleka wanafunzi wangu wauone kwa macho. Nilikuwa nawaeleza udongo unavyojijenga wenyewe pale mwenyekiti alipopita, akasimama, akapokea shikamoo zao zote kwa mpigo. Akawaambia kwamba huo ni mradi wa kamati yake: walikaa, wakatafakari, wakaamua kuiachia ardhi ijiponye.

Wanafunzi wakaandika. Yangu, hawajawahi kuyaandika kwa haraka namna ile.