Mti au Dawa

Zadok Owiti hana simile linapokuja suala la maneno. Ukisema "madawa ya kulevya" mbele yake, hata uwe mchungaji uko madhabahuni, atakohoa. "Dawa, ndugu yangu. Hakuna madawa." Majirani zake wa Mkuyuni wamemchoka, wanamwita Kamusi, naye anaitika bila kinyongo.

Kazi yake ni ukalimani wa mahakamani. Mjaluo akiletwa kizimbani na Kiswahili kinampiga chenga, anaitwa Zadok, anaapishwa, anasimama pembeni yake na kuyavusha maneno huku na huku. Aliianza kazi hiyo bado kijana, mwaka wa tisini na tano, wakati Bunge linapitisha sheria ya dawa za kulevya. Wazee wa mahakama walimsimulia kwamba zamani mtu akikamatwa na bangi, watu walisema bangi, basi. Sheria ikaja ikavikusanya bangi, mirungi na unga wa heroini chini ya paa moja, vyote vikawa dawa.

Jamani, neno hilo lilimnyima usingizi! Panadol ni dawa, mwarobaini ni dawa, na sumu inayompeleka mtu jela nayo ni dawa? Nani alikaa akaamua hivyo? Alimuuliza hakimu mmoja, akaishia kuchekwa. Alimuuliza daktari, akaambiwa vingine kati ya hivyo kweli vilianzia hospitalini. Akaelewa nusu, nusu nyingine akabaki nayo.

Mwaka 2015 ikaja sheria nyingine, kali kuliko ile, ikaja na Mamlaka yake ya kupambana na dawa hizo. Mashamba ya bangi yakafyekwa, watu wakapigwa miaka thelathini. Zadok hajamaliza kushangaa, mara serikali ile ile inawanywesha mateja methadoni hospitalini, tena bure, na kwenye semina wakalimani wanaambiwa wasiseme mateja, waseme waraibu. "Dawa ya kutibu dawa!" alimwambia mkewe. "Hawa watu wanawaza nini?" Wala hakuwa analaumu. Alitaka kujua tu.

Basi bwana, Jumanne moja akaitwa kwa ajili ya Bibi Apiyo, mjane kutoka Shirati aliyehamia Butimba kwa binti yake. Polisi walikuwa wanatafuta pikipiki ya wizi mtaani, wakaingia hadi banda la kuku la bibi, wakakuta kifurushi cha majani makavu kimening'inia.

"Shikamoo, bibi," Zadok alimwamkia kwa Kiswahili, kisha akaendelea kwa Kijaluo.

"Marahaba, mwanangu!" Bibi alifurahi waziwazi. Tangu akamatwe hakuwa amesikia lugha yake kwa mtu yeyote wa serikali.

Shitaka likasomwa: kupatikana na dawa za kulevya aina ya bangi. Zadok akalivusha, na pale penye dawa akasema *yath*, maana ndilo neno lililopo. Bibi akatikisa kichwa kukubali. "En yath," akajibu. Ni yath.

Hapo Kamusi akakwama. "Mheshimiwa," alisema, "kwetu *yath* ni mti, na *yath* ni dawa. Neno ni hilo hilo moja."

Luhende, mwendesha mashtaka, aliinuka haraka. "Mheshimiwa, amekiri! Amesema dawa!"

"Amesema mti pia," Zadok akamrukia, halafu akajiuma ulimi. Mkalimani hana upande.

Hakimu, mama mtaratibu, aliweka kalamu chini. "Jibu hili lina utata. Likibaki hivi nitaandika kwamba amekana, upande wa mashtaka watuletee ushahidi na ripoti ya mkemia, na bibi atapata dhamana arudi nyumbani leo." Zadok akashusha pumzi. "Lakini ni haki yake aeleweke. Muulize kwa mara ya mwisho, na umuulize wazi."

Loo! Angeweza kuuliza kwa *yath* ile ile, bibi angejibu vile vile, na mchana angekuwa nyumbani. Alilijua hilo vizuri sana. Lakini alikuwa ameapa kutafsiri kwa ukweli, hakimu amesema wazi, na Kijaluo kina neno jingine lisilo na maana ya pili. Tena tuseme kweli, ugonjwa wake ule wa kuchimba maneno ulikuwa unamwasha. Alitaka kujua majani yale ni kitu gani.

"Bibi," akauliza, "ni *njaga*?"

Bibi Apiyo alicheka hadi mabega yakatikisika. "Njaga ndiyo! Wewe mtoto wa Kijaluo hujui njaga? Kuku wakianza kusinzia unawawekea kwenye maji. Mama yangu alifanya hivyo, na bwana mifugo akija alikuwa anaona."

Watu wote walikuwa wanamtazama Zadok, wala si bibi.

"Anasema ndiyo," alitamka. "Ni bangi. Anawawekea kuku kwenye maji wakiugua. Mama yake pia alifanya hivyo."

Luhende hakuinuka safari hii, hapakuwa na haja. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema mshitakiwa amekiri kosa kwa maneno yake mwenyewe, hukumu itasomwa Alhamisi, na hadi siku hiyo atakaa mahabusu. Zadok alipaswa kuyavusha na hayo, ila askari mwanamke alishafika kizimbani na kumshika bibi mkono.

Bibi Apiyo aliunyoosha ule mwingine, akamkamata Zadok vidole. Uso wake uling'aa kwa furaha.

"Asante, mwanangu. Umewaambia yote, hukuacha hata neno moja. Sasa waambie mimi nakwenda, kuku wangu hawajala tangu jana."

Askari akamgeukia Zadok. "Anasemaje?"