Taji Alilomvisha Colart

Ameline alikuwa msuguaji wa pembe za ndovu katika karakana ya bwana Evrart, hapa Paris, nami nilikaa naye benchi moja. Wanaume walichonga vifuniko vya vioo vya mkononi, sisi tukavisugua kwa ngozi ya papa na chokaa. Matajiri walipenda vyenye picha za mapenzi, hasa bibi akimvisha kijana taji la waridi. Hata mtoto anajua maana yake: nimekukubali.

Siku moja Colart mchongaji, yule mwenye ulimi wa asali, alimwita dirishani.

"Ameline, hebu nishikie taji hili kichwani. Nataka kuona mikono inavyokaa."

Akapiga magoti mbele yetu sote. Ameline akaiva uso.

"Kioo chenyewe cha nani?"

"Cha mchumba wangu," Colart akasema, macho yake kwenye macho ya Ameline.

Basi, amekwisha! Renier mwoka mikate, mjane mwenye heshima zake, alipoleta posa, Ameline akaikataa. Nikamwambia, "Shoga, muulize Colart waziwazi. Usivishwe kilemba cha ukoka."

"Nimuulize nini tena, na magoti kapiga?"

Kifuniko kilipofika mezani kwetu, hakutaka nikiguse. Alikisugua mwenyewe, akiimba, akakipuliza vumbi kama anayemlaza mtoto. Sijaona pembe iliyong'aa vile.

Asubuhi ya Jumamosi akaja Marote, binti wa bwana Evrart, kanyoosha mkono.

"Haya mashoga, kioo changu tayari? Colart kasema nikichukue. Baba ametupa ruhusa, tunaoana baada ya Pasaka."

Mimi ningekitupa mtoni Seine, na Marote nyuma yake. Ameline alimpa kwa mikono miwili, tena akamtakia heri. Halafu akaenda kwenye meza ya Colart.

"Ulinipigia magoti, Colart."

"We Ameline nawe! Picha ndiyo iliyotaka magoti. Mimi nilikuahidi nini?"

"Ulisema cha mchumba wako, ukanitazama."

"Sasa nitazame wapi, na wewe ndiye uliyesimama mbele yangu?"

Wanaume wakacheka. Roho yangu iliungua, na Ameline akabaki amesimama, anangoja angalau neno la pole. Colart akachukua kifuniko kingine alichokuwa amekimaliza, kijana kapiga magoti mbele ya bibi, akamsogezea akasugue.