Mama Aliyeshindwa Mara Tatu

Juma lililopita nilitoka Kitale nikaenda Bumula kumchukulia mpwa wangu fomu ya basari ya karo katika ofisi ya mwakilishi wa wodi yao. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele, mama mmoja alikuwa amesimama kaunta akiwajazia fomu wazee wasiojua kuandika. Nilidhani ni karani.

"Karani wapi, bana!" mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza. "Huyo amewania kiti cha hii wodi mara tatu, na zote akaanguka."

Akanisimulia. Mara ya kwanza, enzi kiti hicho kikiitwa udiwani, watu walisema mwanamke hawezi. Mara ya pili alinyimwa tiketi ya chama, akasimama bila chama. Mara ya tatu alishindwa kwa tofauti ya kura chache mno, wafuasi wake wakaanza kukusanya matairi ya kuchoma barabarani. Mama akapanda juu ya kiti, akawaambia, "Waliopiga kura ni majirani zetu. Nendeni nyumbani." Wakaenda.

Tulipofika kaunta, mwendesha bodaboda alishindwa kujizuia. "Lakini mama, si mheshimiwa mwenye ofisi hii alikushinda? Mbona unamfanyia kazi bure?"

Mama hakuinua uso. "Alinishinda mimi. Hawa watoto wanaotaka kusoma hawakushindana na mtu."

"Na uchaguzi ujao utasimama tena?"

Mama akanitolea fomu, akainyoosha kwa kiganja. "Kwani umeniona nikikaa?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi kura yangu iko Kitale, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nikauliza jinsi ya kuhamishia kituo changu cha kura Bumula.