Majaribio Elfu Tisa kwenye Mashine ya Yaya

Wiki ile niliishi kwa rangi mbili tu, kijani na nyekundu. Nilikuwa nimeandika badiliko dogo katika programu huria moja kubwa, zile programu ambazo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha, ilimradi watunzaji wake wakubali alichorekebisha. Ndani yake mna majaribio zaidi ya elfu tisa. Kila jaribio ni swali dogo: ukipewa hiki, utajibu nini? Programu ikijibu sawa, unatokea mstari wa kijani. Ikikosea, mwekundu. Anayeleta badiliko lake anatakiwa kuyaendesha majaribio yote kwenye mashine yake na kupeleka matokeo, yote kijani. Likianguka hata moja, badiliko linabaki mlangoni.

Badiliko langu lilikuwa na mistari kumi na tisa. Mtu akiisoma leo hataona cha kujisifia, lakini mimi nilikuwa nimeifanyia kazi miezi miwili. Mradi wa programu hiyo ulikuwa unatafuta mwanafunzi mmoja wa kazi kwa mwaka mzima, afanye akiwa nyumbani kwake, popote alipo, na alipwe. Tuliomba wengi, tukabaki wachache, na sharti la mwisho lilikuwa hilo: badiliko lako likamilike kabla ya Jumamosi, saa saba mchana. Nililisoma sharti hilo kwenye ukurasa wao mpaka nikaweza kulisema nimefumba macho.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo papa, baba yangu, alikuwa amenipa kama siku ya mwisho. Papa yuko Butembo, mfanyabiashara wa vitambaa na maharage, na amenisomesha kwa mgongo wake. Nilikuwa na miaka mitatu tangu nimalize chuo, na kila ofisi niliyopeleka barua ilikuwa imefunga au imehama. Akanipigia simu akasema, bila ukali wowote, kwamba nafasi hiyo isipopatikana niende nikae naye depo, ghalani kwake, kiti changu kipo tayari. Laiti angefoka. Siidharau depo ya papa, lakini nilijijua: nikikalia kile kiti sitanyanyuka tena. Niliitaka ile nafasi kiasi kwamba nilikuwa naona haya mtu akiniuliza habari zake.

Mashine niliyotumia haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote kwetu. Ana chumba kimoja mtaa wa Murara, kando ya barabara, kompyuta moja na mashine moja ya fotokopi. Anawachapia watu barua za kuomba kazi na barua za kulalamika, na nadhani za kulalamika ndizo nyingi. Umeme tulivutiwa na jirani, nao ulikuwa mdogo na wenye kigeugeu. Fotokopi ikiwaka, kompyuta inazimika. Majaribio yangu yalihitaji saa tatu bila kukatika, kwa hiyo Yaya akaizima fotokopi. Hakuniuliza kitu. Ulikuwa msimu wa kuandikisha watoto shuleni, kila mzazi na karatasi zake mkononi, naye alisimama mlangoni siku nne nzima akiwaelekeza kwa mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye kwa kawaida hata salamu wanapeana kwa shida.

Jumanne, mara ya kwanza, jaribio moja likaanguka. Nilisoma, nikatafuta, sikuona kosa. Nikaendesha tena. Lile lililoanguka likasimama kijani kama halikuwa na habari, na jingine, la sehemu tofauti kabisa, likaanguka. Jumatano asubuhi yakaanguka mawili mapya. Ukikosea, kosa hukaa mahali pake, unalifuata na kulikamata. Hili langu lilikuwa linahamahama. Nilifuta mistari sita nikaiandika upya. Nikaanza kuogopa hata ile niliyokuwa na hakika nayo, na kila nilipoigusa nilihisi naiharibu.

Nikamwandikia mtunzaji aliyepewa kazi ya kunifuatilia, mama mmoja ambaye sikuwahi kujua anakaa nchi gani. Alinijibu kwa upole kwamba kwenye mashine zao kila kitu ni kijani, labda nitazame mazingira ya mashine yangu. Mazingira! Nikatazama mazingira ya mashine yangu: ukuta wa mbao, vumbi jeusi la volkano kwenye kibodi, waya wa jirani umening'inia dirishani. Niliona kama ananiambia kwa adabu kwamba watu wa huku tusijisumbue. Hakuwa amesema hivyo, na nilikuja kumwomba radhi moyoni mara nyingi, lakini siku ile ndivyo nilivyosikia. Nilifikiria kwenda mtaa wa Keshero kwa rafiki niliyesoma naye, mwenye mashine yake na umeme wa uhakika. Nilipompigia, simu ilipokelewa Kampala. Alikuwa amehama na familia yote.

Alhamisi sikula. Yaya alileta sombe ya majani ya muhogo na bugali, akaviweka kando ya kibodi, akavikuta jioni vilevile.

"Mudogo, hii kazi inakulisha ao inakukula?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aniache, kwamba hajui hata ninachofanya. Akachukua sahani. Ningeweza kuomba samahani palepale, lakini mstari mwekundu ulikuwa umetokea na macho yangu yakaenda huko.

Ijumaa, majaribio yakiwa katikati, alipita nyuma yangu, akainama juu ya bega langu na kuisogeza saa ya kompyuta mbele, kutoka saa tatu hadi saa nne. Alikuwa akifanya hivyo karibu kila siku.

"Hii mashine iko na akili ya Kinshasa," alinung'unika. "Bakiliya batasema tuko tunachelewa." Bakiliya ndio wateja wake.

Aliyetuuzia mashine, alipoulizwa na kompyuta yuko mji gani, alichagua Kinshasa, kama wanavyofanya wengi hapa, kwa sababu ndio mji mkuu. Lakini sisi wa mashariki ya nchi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Badala ya kubadilisha mji, watu husogeza saa kwa mkono, na ikishalingana na ya simu mambo yamekwisha. Nimeona ofisi kubwa zikifanya hivyo. Mimi mwenyewe, na diploma yangu ya informatika ukutani, nilikuwa nimeisogeza mara nyingi. Siku ile nilimwona Yaya kwa macho yangu mawili na kilichonijia kichwani ni kwamba kiwiko chake kinanizuia kuona skrini.

Jumamosi nilianza mapema. Umeme ulishika. Niliyatazama majaribio yakipita, elfu ya kwanza, ya nne, ya saba, kijani tupu, na nikajiruhusu kufikiri jinsi nitakavyompigia papa. Yaya alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Saa sita na nusu mtandao ukashika vizuri kuliko wiki nzima. Dakika chache baadaye likaanguka jaribio moja, karibu na mwisho kabisa.

Sikulia. Nikaangalia saa ya simu: saba kasoro dakika kumi. Hata ningetaka kurudia, ningezitoa wapi saa tatu nyingine?

Nyumbani kwetu, mtu akigundua kasoro kwenye mzigo aliokwisha kuupeleka, anaukimbilia na kuurudisha mwenyewe kabla mnunuzi hajaufungua. Papa aliwahi kurudisha lori zima la maharage kutoka Beni kwa sababu ya magunia mawili yaliyoota ukungu. Watu wakamwona mwendawazimu, na yeye akalala usingizi. Nilikua nikijua kwamba hiyo ndiyo heshima. Basi nikamwandikia yule mama kwamba kazi yangu ina kasoro nisiyoweza kuipata, kwamba sitaki kuwachosha, nikashukuru, na nikaliondoa badiliko langu kwa mkono wangu. Kisha nikazima kompyuta ili Yaya awashe fotokopi. Wazazi walikuwa wamejaa ng'ambo ya barabara. Mmoja alivuka, kisha wengine wawili.

Nilitembea hadi mtaa wa Katindo na kurudi, bila shughuli yoyote huko. Niliporudi saa tisa, wateja wamekwisha, nikawasha mashine nifute faili zangu. Nikakuta jibu la yule mama. Alikuwa ameliandika dakika tano tu baada ya langu.

Aliandika kwamba badiliko langu ni zuri, kwamba kwenye mashine zao zote limepita, na kwamba kuanguka kwa aina hii wamewahi kukuona sehemu nyingine na hakutokani na mistari yangu. Walitaka kulipokea kama lilivyo. Lakini kanuni haiwaruhusu kumrudishia mtu alichoondoa mwenyewe, lazima mimi ndiye nilirudishe. "Una saa nzima bado," aliandika. "Lirudishe tu. Nakusubiri." Chini yake palikuwa na ujumbe mwingine, mfupi: muda umekwisha, anasikitika, nafasi amepewa mwingine.

Saa nzima kutoka wapi? Nilirudi kwenye ukurasa wa sharti. Saa saba, imeandikwa palepale. Nikakaa naitazama ile saba mpaka nikaelewa kwamba si wao walioiandika. Wao waliandika saa ya dunia nzima, na kompyuta ikanigeuzia kwa saa ya mji iliodhani niko. Ilikuwa saa saba ya Kinshasa. Kwetu ilikuwa saa nane. Niliondoa kazi yangu nikiwa na zaidi ya saa nzima mkononi.

Na hapohapo nikaelewa yale mengine. Kila mtandao ulipokuja, kompyuta iliuliza saa sahihi na kujirudisha nyuma. Yaya akipita, anaisogeza mbele. Jaribio lililokuwa likipima muda wakati huo linaanza saa nne na kumalizika saa tatu, linaona kazi imekwisha kabla ya kuanza, linaanguka. Mistari yangu kumi na tisa haikuwa na kosa. Haikuwahi kuwa na kosa, na mimi ndiye niliyeiandikia kwamba ina kasoro.

Yaya alikuwa anafagia vipande vya karatasi. Aliponiona sigusi kibodi, akaja akasimama nyuma yangu. Hasomi Kiingereza.

"Banasema nini, mudogo?"

Nilikuwa nalo neno mdomoni, la mkono wake na ile saa. Nilikuwa na hasira ya kutosha kulisema, nakiri mbele ya Mungu, na lilikuwa kweli. Nikamtazama. Miguu ilikuwa imemvimba kwa siku nne za kusimama mlangoni akiwafukuza wateja kwa ajili yangu.

"Banasema kazi yangu ilikuwa mubaya, Yaya."

Akaweka ufagio chini, akanishika kichwa na kukiegemeza tumboni kwake, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo na nimeanguka. Akaniambia nisijali, Butembo si mbali, papa atafurahi. Kisha akasema jambo ambalo naona alilitafuta ili anipe kitu cha kubaki nacho.

"Angalau haukuchelewa. Ungechelewa, mimi mwenye kusogeza ile saa ningejilaumu."

Nikamwambia hapana, sikuchelewa.