Fimbo Mbili za Pool Zinazofanana

Leo fimbo yangu ya pool imenuswa kama mtoto wa mbuzi hapa Kakuma.

Mimi na Bahati, jirani yangu Mkongo anayekaanga samaki, tuna fimbo zinazofanana kabisa. Jana nilimfunga mara tatu, nikamcheka kwamba fimbo yake ni ya kukoroga uji. Kwa furaha nikaikwaruza yangu na msumari, isipotee.

Leo nashika ile yenye alama, Bahati anasema, "Ndugu, hiyo ni yangu."

Tukaziviringisha mezani. Zote zimenyooka.
Tukazipima kwa mizani ya duka. Uzito ni ule ule!

Ekai, mchungaji aliyeleta mifugo kutoka Lorugum, akacheka.
"Leteni. Mbuzi hujua mtoto wake kwa kunusa, hata wakifanana."

Akafumba macho, akanusa ya kwanza.
"Hii ni ya mtu wa pikipiki."
(Mimi ni fundi wa pikipiki, sawa.)
Akanusa ile yenye alama yangu.
"Hii ni samaki."

Kumbe jana nilishinda na fimbo ya Bahati! Na ile niliyomwambia ni ya kukoroga uji, ndiyo yangu.

Kesho ni mashindano Lodwar. Nimwombe ile ya samaki, ama aibu itaniua?